Jiwe la kumi na tano

Viatu unaviacha mlangoni, na kama mvua ilikukuta njiani basi soksi ndizo zitakazokuaibisha. Nilikaa kwenye baraza la hekalu la Ryoan-ji, Kyoto, nikiwa na soksi zilizolowa, daftari jipya na hadithi fupi iliyokuwa imenikwama kwa miezi minne. Mbele yangu changarawe nyeupe na mawe. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba hapo ndipo akili hutulia na mawazo hufunguka, kwa hiyo nikasubiri yafunguke. Kushoto kwangu mzee mmoja alikuwa amefumba macho. Kulia, kundi la watoto wa shule wenye kofia za njano walikuwa wakihesabu mawe kwa vidole: ichi, ni, san, shi... Wakafika kumi na nne. Wakakimbilia mwisho wa baraza, wakahesabu upya. Kumi na nne. Mwalimu wao anacheka tu, hasaidii.

Mawe yako 15. Kila mgeni huambiwa hivyo, na kila mgeni huhesabu hata kama ameambiwa. Yamepangwa kwa namna ambayo popote utakapokaa kwenye lile baraza, moja limejificha nyuma ya jingine.

Baada ya saa nzima nilifungua daftari. Nikaandika: soksi, adapta ya umeme, dawa ya mafua.

Wengi wetu huiendea bustani ya Kijapani kama mgonjwa aendavyo duka la dawa. Kichwa kimechoka na simu, kelele na madeni. Tunataka dozi ya utulivu, tukitumaini kwamba akili ikishatulia, ilhamu itapanda yenyewe kama maji ya kisima kilichopumzishwa. Biashara nzima imejengwa juu ya imani hiyo. Hoteli zinauza "utulivu wa Zen", yale madhehebu ya Kibudha ya kutafakari, pamoja na kukandwa mgongo. Maduka ya zawadi yanauza kisinia cha mchanga chenye mawe matatu na reki ndogo kama uma, ukiweke mezani ofisini, ukikwaruze bosi anapokuudhi. Sina ugomvi na kisinia. Ila nadhani jambo lenyewe tumelishika mkiani. Bustani ile haimgawii mtu kitu, inamnyima. Na wasanii waliotoka pale na kazi ya maana, ukizitazama kazi zao kwa karibu, utaona wamejifunza namna ya kunyimwa, na utulivu wameuacha palepale walipoukuta.

Tuanze na vilivyopo, maana ni vichache. Uwanja wa mstatili, urefu wake kama mita 25 na upana kama 10. Changarawe iliyopigwa reki ikaacha mistari. Mawe 15 katika mafungu matano. Kuvumwani kidogo, ule uzulia wa kijani uotao penye unyevu, umezunguka miguu ya mawe. Nyuma kuna ukuta mfupi wa udongo wenye madoa ya kahawia na rangi ya kutu, na miti imeachwa huko nje ya ukuta. Ndani hakuna ua hata moja, wala tone la maji. Bustani za namna hii Wajapani huziita karesansui, yaani milima na maji vilivyokauka. Maji unayaona kwenye mistari ya reki, au huyaoni, hiyo ni juu yako.

Hekalu lilianzishwa mwaka 1450 na Hosokawa Katsumoto, mmoja wa wakubwa waliokuja kupigana katika vita vya Onin, vilivyozuka mwaka 1467 na kuiunguza Kyoto kwa miaka kumi. Nalo liliungua. Likajengwa upya mwaka 1488. Kuhusu bustani yenyewe, nani aliipanga na lini, wanahistoria wanabishana mpaka leo. Maana yake nayo hakuna aliyeachiwa. Wengine wanaona visiwa baharini, wengine vilele vya milima juu ya mawingu, wengine chui milia akiwavusha watoto wake mto. Hata kuiita "bustani ya Zen" si desturi ya kale kama tunavyodhani. Jina hilo lilitiwa katika maandishi ya Kiingereza mwaka 1935 na Loraine Kuck, Mmarekani aliyekuwa akiishi Kyoto, na kutoka hapo likaenea dunia nzima mpaka likafika kwenye kisinia cha mezani. Kwa hiyo mgeni anayekaa pale amenyimwa maji, maua, jina la fundi, maelezo, na jiwe moja.

Mtu aliyewahi kukesha na shairi la Kiswahili halioni hili kuwa jambo geni. Unapewa mizani 16 kwa mshororo, nane huku na nane huku, kina cha kati na kina cha mwisho, na ubeti mzima lazima utii. Neno lako zuri limezidi silabi moja? Linatoka, hata kama ndilo lililokuamsha usiku. Katika kulisaka la kuziba pengo unagongana na neno ambalo hukulifikiria kabisa, na mara nyingi hilo ndilo linaloubeba ubeti. Mtunzi wa haiku ana silabi 17 kwa shairi zima: mshororo wetu mmoja, na mizani moja ya bakshishi. Nchi inayoweza kumfungia mshairi katika silabi 17 haishangazi ikimfungia mtunza bustani katika mawe 15.

Sasa mtazame John Cage, mtunzi wa muziki wa Marekani. Alifika Ryoan-ji mwaka 1962. Laiti bustani ingekuwa dawa, angeandika kitu wiki ileile. Ilimchukua miaka 21. Mwaka 1983 akakusanya mawe 15, akayalaza juu ya karatasi na kuyazungushia penseli, moja baada ya jingine, mara nyingi, mpaka mistari ikapandana. Mahali pa kuliweka kila jiwe hakupachagua mwenyewe. Aliiachia I Ching, kitabu cha Kichina cha kupigia ramli, imwamulie. Mwaka huohuo akaanza mfululizo wa muziki alioupa jina la hekalu. Ala moja, oboe kwa mfano, au filimbi, au sauti ya mtu, inateleza kupanda na kushuka ikifuata mzingo wa jiwe lililochorwa. Nyuma yake midundo inaanguka polepole, haitabiriki, na hiyo ndiyo changarawe.

Kuusikiliza ni kazi. Mimi dakika ya kumi huwa nimeshaanza kuangalia saa. Lakini ukifuata alivyoutengeneza utaona jinsi alivyoisoma bustani kwa makini kuliko sisi tuliokwenda kufumba macho. Amechukua idadi, akachukua na kanuni kwamba mtazamaji hapewi yote, kisha akajinyima kitu ambacho mtunzi hukishikilia kuliko vyote, yaani haki ya kuchagua.

Mwaka huohuo wa 1983, mwezi Februari, alipita pale David Hockney, mchoraji Mwingereza. Yeye tatizo lake lilikuwa kamera. Ukiipiga picha bustani ya mstatili ukiwa umesimama pembeni, picha inatoka na umbo lililobanwa upande wa mbali, kwa sababu kamera ina jicho moja na limesimama. Basi akatembea kando ya baraza akipiga picha nyingi ndogondogo, hatua kwa hatua, kisha akaziunga zikawa picha moja kubwa ambamo mstatili umebaki mstatili. Ukingoni, chini, zinaonekana nyayo zake mwenyewe zimevaa soksi, zikienda. Nilipoiona picha hiyo baadaye nilifarijika kidogo. Angalau soksi tulikuwa nazo wote.

Kunyima huku hakukuanzia Ryoan-ji wala hakuishii hapo. Ukienda kunywa chai ya sherehe unapitishwa katika kijibustani kiitwacho roji, na njia yake ni mawe ya kukanyagia yaliyotengana kidogo na yasiyolingana. Yamepangwa hivyo makusudi, ili macho yako yawe miguuni. Huwezi kutembea huku unashangaa, utajikwaa. Halafu unafika kwenye jiwe pana kuliko mengine, unasimama imara, unainua kichwa, na hapo ndipo walipokuwekea kitu cha kutazama. Njia ikiwa imefungwa hukuti bango wala mnyororo. Unakuta jiwe la ukubwa wa ngumi limefungwa kamba nyeusi kwa umbo la msalaba, limewekwa katikati ya njia. Mtoto anaweza kuliruka. Halirukwi. Waliokulia katika nyumba za mawe za Lamu wanaijua adabu ya namna hii: unavuka daka la mlangoni, unaingia ukumbi wa tekani, na bado ua wa ndani hujauona, kwa kuwa milango haikupangwa ikatazamana.

Hata kimya hawakuachii. Katika makazi ya Shisen-do, yaliyojengwa mwaka 1641 na Ishikawa Jozan, askari aliyeacha upanga akashika ushairi, kuna kipande cha mwanzi kinachojazwa na mchirizi wa maji. Kikijaa kinainama, kinamwaga, kinarudi kwa kishindo na kugonga jiwe: tok! Kifaa hiki hutumika kufukuza nguruwe-mwitu na paa wasile mimea. Lakini mtu aliyekaa hapo anashtuka, na katika ule mshtuko ndipo anapogundua kwamba kulikuwa kimya. Pale hekalu la Entsu-ji, kaskazini mwa jiji la Kyoto, kizuri kuliko vyote hakimo ndani ya bustani. Ni mlima Hiei, uliosimama mbali, ukaingizwa katika picha kwa kupanga ua wa miti na mashina mbele yake. Wanaita shakkei, mandhari ya kuazima. Na cha kuazima kina mashaka yake, mwenye nacho anaweza kukijengea ghorofa. Mwaka 2007 jiji la Kyoto lilitunga kanuni za kubana urefu wa majengo ili mandhari za namna hiyo zisizibwe.

Siku ya pili mvua ilikatika. Nikaingia hekalu jingine, dogo, ambalo halina foleni. Bustani yake ni kuvumwani mtupu chini ya miti, na katikati ya ule ukijani alikuwamo mama mmoja wa makamo, amepiga magoti juu ya kipande cha sponji, kofia pana ya majani, kitambaa kimepita chini ya kidevu. Mkononi ana kibano. Anachomoa majani yasiyotakiwa, membamba kama uzi, moja moja, kutoka ndani ya kuvumwani, na kuyatia katika kikapu ubavuni. Akimaliza mahali anapapigapiga kwa kiganja, kama mtu anavyombembeleza mtoto alale, ili pale palipoinuka pakae sawa. Halafu anasogeza sponji. Nilimtazama karibu nusu saa. Katika muda huo alikuwa ameshughulikia eneo lisilozidi mkeka wa kuswalia. Wageni waliokuwa wakipita walisema kwa kunong'ona jinsi mahali pale palivyotulia, wakaupiga picha mti.

Hapo ndipo nilipoanza kuandika.

Utulivu ule kuna mtu anautengeneza, na anautengeneza kila siku. Mistari ya changarawe haidumu. Mvua inaifuta, ndege wanaivuruga, lazima ipigwe upya. Katika bustani ya Kenroku-en, jijini Kanazawa, kila tarehe 1 Novemba wafanyakazi huanza kuifunga misonobari kamba kutoka kileleni hadi matawini, zikatandazika kama mbavu za mwavuli, ili theluji nzito isivunje matawi. Mgeni wa Desemba anaona umbo zuri. Ni bendeji lile.

Saiho-ji, hekalu maarufu kwa kuvumwani, limekwenda hatua moja mbele. Mtawa Muso Soseki aliipanga upya bustani yake mwaka 1339, lakini uzulia wa kijani unaowavuta watu leo hakuupanda yeye. Ulijiotea karne nyingi baadaye, hekalu lilipofukarika na kukosa wa kuitunza. Wageni walipozidi, mwaka 1977 milango ilibanwa. Lazima uombe nafasi mapema. Na ukifika hupelekwi moja kwa moja bustanini: desturi yao ni kukukalisha kwanza, ukapewa karatasi na brashi, ukanakili maandiko ya Kibudha. Mtu hatazami kazi ya wenziwe kabla hajatoa jasho lake kidogo. Kama ningekuwa na mamlaka juu ya majumba yetu ya makumbusho ningeiiba kanuni hii kesho.

Lakini kuna jambo jingine kuhusu kazi hii ambalo vipeperushi vya utalii hulipitia kwa mbio. Katika karne ya 15, mafundi wengi waliobeba na kusimamisha mawe ya bustani za Kyoto walikuwa watu waliotengwa. Waliitwa kawaramono, watu wa kando ya mto, kwa kuwa ndiko walikoruhusiwa kukaa. Kazi zao zilikuwa kuchinja, kuchuna na kutengeneza ngozi, na kwa imani ya wakati ule aliyegusa mzoga alikuwa na najisi isiyosafishika. Udongo pia ulikuwa wao. Basi wakawa mabingwa wa udongo na mawe. Mmoja wao, Zen'ami, alipanda mpaka akawa fundi wa bustani wa shoguni, yaani mtawala wa kijeshi, Ashikaga Yoshimasa, naye shoguni alimthamini kiasi cha kumpelekea dawa alipougua. Mjukuu wake, Matashiro, alishika kazi ya babu, na mtawa mmoja aliandika maneno yake: kwamba anasikitika kuzaliwa katika ukoo wa wachinjaji, na kwa hiyo amejiapia kutoua kiumbe wala kutamani mali. Mgongoni mwa jiwe moja pale Ryoan-ji pamechongwa majina ya watu wawili, la mmoja linasomeka Kotaro. Wengi wanaamini nao walikuwa kawaramono. Majina yako upande ambao mtu aliyekaa barazani hauoni.

Kwa hiyo mtu akiniambia bustani ile ni matunda ya watawa waliotafakari wakapata mwanga, namwitikia kwa heshima, kisha namuuliza nani alibeba mawe.

Bibi yangu alikuwa akifagia uwanja wa mchanga kabla ya jua kuchomoza, kwa fagio la chelewa, akirudi kinyumenyume kutoka mlangoni hadi njiani ili asikanyage alipokwishapita. Fagio liliacha michirizi kama nusu za mwezi zilizopangwa safu. Mtu wa kwanza kuikanyaga aliisikia siku hiyo. Hakuna aliyekuja kukaa barazani kupata ilhamu, na sisi wajukuu tuliiona kama adhabu, maana zamu ilikuwa inakuja. Nilipomwona mtu na reki nchini Japani akirudi kinyumenyume vilevile, nilijua mgongo wake unamuuma wapi.

Msanii ninayemwona kuwa aliielewa bustani ya Kijapani kuliko wote wa karne iliyopita ni Shigemori Mirei. Alizaliwa mwaka 1896, akafa 1975. Jina la Mirei alijipa mwenyewe kwa kumpenda mchoraji Mfaransa Jean-François Millet, mchoraji wa wakulima na vibarua. Katika miaka ya 1930 alizunguka Japani akipima na kuchora ramani za bustani za kale, mamia yake, kwa mkono. Kisha mwaka 1939 hekalu la Tofuku-ji likampa kazi ya kupanga bustani kuzunguka jengo la mkuu wa hekalu. Yeye hakudai malipo. Wenyewe wakamwekea sharti moja, linalotokana na maadili ya watawa: kisitupwe chochote kilichopo kinachoweza kutumika.

Fikiria umepewa kazi ya maisha yako, halafu unaonyeshwa rundo la vifusi. Palikuwa na mawe ya mraba ya sakafu yaliyong'olewa njiani. Shigemori akayapanga katika kuvumwani kama ubao wa dama, jiwe, kijani, jiwe, kijani, kisha akayaacha yapungue taratibu kuelekea pembeni mpaka yanapotea, kama mtu anayeondoka huku bado anaongea. Palikuwa pia na mawe ya msingi ya duara, mabaki ya matengenezo ya choo cha kale cha watawa. Saba kati ya hayo aliyasimamisha kwenye changarawe kwa mpangilio wa nyota saba za Dubu Mkubwa. Leo watu hupanga foleni kuzipiga picha. Mawe ya choo yamekuwa nyota, na kilichoyafanya hivyo ni sharti ambalo msanii mwingine angeligombea siku ya kwanza.

Ushahidi wangu wa mwisho hauko Kyoto. Mwaka 1942, baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor, serikali ya Marekani iliwakusanya watu zaidi ya 110,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao raia wa Marekani, ikawafungia kambini bila kesi. Kambi mojawapo, Manzanar, ilikuwa jangwani California chini ya milima ya Sierra Nevada. Ilifikia watu zaidi ya 10,000, mabanda ya mbao na karatasi za lami, minara ya walinzi, na upepo wa vumbi usiokoma. Miongoni mwa wafungwa wale walikuwamo watunza bustani waliokuwa wakiishi kwa kazi hiyo Los Angeles kabla ya kukamatwa.

Wakaanza kuchimba. Walitengeneza mabwawa, maporomoko madogo na madaraja, kwa mawe ya milimani na saruji. Nyingi ya bustani hizo ziliwekwa kando ya majengo ya chakula, kwa sababu iliyo wazi kabisa: huko ndiko watu walikopanga foleni ndefu mara tatu kwa siku, juani na vumbini, kusubiri sahani. Vita vilipokwisha kambi ilifungwa, mchanga ukazifukia. Miongo mingi baadaye waakiolojia wakazifukua, na baadhi zinaonekana leo, mabwawa makavu yenye mawe yaliyopangwa kwa mkono unaojua. Ukiwa umenyimwa nyumba, duka na nchi, na bado ukabishana na mwenzako kama jiwe hili lilale au lisimame, hayo si mapumziko ya mishipa. Sakuteiki, kitabu cha Kijapani cha karne ya 11 kuhusu utengenezaji wa bustani, kinamwelekeza fundi afuate matakwa ya jiwe. Nadhani kule Manzanar lilikuwa pia jambo la nafuu: kulikuwa na kitu kimoja ambacho matakwa yake mtu angeweza kuyasikiliza bila kudhalilika.

Najua nitakayojibiwa. Kwamba mchoraji Mfaransa Claude Monet alikuwa na bwawa lake kijijini Giverny, daraja lake la Kijapani na mayungiyungi yake, akatulia hapo na kuchora karibu picha 250 za maua hayo. Ni kweli, na Monet hakuwahi kukanyaga Japani; aliijua kwa picha za kuchapwa alizozikusanya na kuzitundika ukutani. Ila bwawa hakulikuta. Mwaka 1893 alinunua kiwanja ng'ambo ya reli, akaomba kibali cha kuchepusha maji, majirani wakampinga wakihofia mimea yake ya kigeni itawatilia sumu mtoni, akagombana nao mpaka akapata. Akaajiri watunza bustani. Mmoja kazi yake ilikuwa kuingia na mashua na kusafisha mayungiyungi ili mzee ayakute safi. Alitumia miaka akitengeneza kitu cha kuchora kabla hajakichora sawasawa. Anayetaka utulivu wa Monet na aanze na ugomvi wa maji.

Na najua pia kuna wanaopata amani ya kweli kwa kukaa tu. Yule mzee aliyefumba macho pale Ryoan-ji sina haki ya kumsemea. Huenda amezika mke wiki iliyopita. Amani ya mtu aliyefiwa na ilhamu ya mtu anayeandika ni vitu viwili, na kosa la wauzaji wetu wa utulivu ni kuvifunga katika pakiti moja.

Daftari langu lilirudi nyumbani likiwa na ukurasa mmoja wa Ryoan-ji, ule wenye soksi, adapta na dawa ya mafua. Yule mama wa kibano amechukua kurasa tisa. Mna jinsi alivyokuwa akipiga kuvumwani kwa kiganja, mna rangi ya sponji, mna swali la nani anampikia nyumbani anapotoka pale na magoti yake. Kwenye ukurasa wa saba anaanza kuongea, na anaongea kwa sauti ya bibi yangu, anamgombeza mtu aliyekanyaga.